Sikuandika Maneno ya Kawira

Makena wangu,

Umetoka hapa saa nane kwenda kumuaga shosho, bibi yako, na ninavyomjua, hatakuachilia kabla hujala vitu vitatu na kusikia habari za watu waliokufa kabla mimi sijazaliwa. Basi nina muda. Baba yako yuko shambani anajifanya anapalilia migomba. Ukweli ni kwamba hataki kuliona begi lako hapo mlangoni. Mimi nimekaa kwenye meza ya jikoni, nimesukuma sufuria kando, na karatasi hizi nimezichana kutoka kwenye daftari lako la zamani la Jiografia. Ukigeuza ukurasa huu utaona mlima wa volkeno ulioupaka rangi ya waridi.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji na ya kutomwamini mtu anayekuita "sista" kwenye stendi nimeyasema wiki nzima, mpaka jana ukaniambia, "Mum, nimesikia. Naenda Embu, siendi Ulaya." Una haki. Kutoka hapa ni kushuka hadi Nkubu kisha barabara moja tu, na mtu akiondoka baada ya chai anafika Embu kabla hajasikia njaa. Sitayarudia. Kuna jambo moja ambalo sijawahi kukuambia, na nataka ulijue kutoka kwangu kabla hujakalia kiti cha kazi.

Siku ile ulipotoka kwenye mahojiano ulirudi hapa ukirukaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba. Ulisema walikuuliza kwa nini unadhani unaweza kazi ya kukusanya maoni ya wananchi. Ukawajibu, "Mama yangu alikuwa karani wa wadi. Mwaka wa msamaha wa ushuru wa ploti alisikiliza soko zima, kila mtu akaandikwa. Nimejifunza kwake." Baba yako alipiga meza kwa furaha hadi vikombe vikaruka. Mimi nikasema chai inafurika, nikakimbilia jikoni. Hakukuwa na chai yoyote motoni.

Makena, si kila mtu aliandikwa. Kuna mmoja aliyesimama mbele ya watu wote akasema neno lake vizuri kabisa, na mimi niliyeshika kalamu sikuandika hata herufi moja. Mtu huyo unamjua sana. Ni Anti Kawira, aliyekushonea sare ya shule, na nguo ya kesho inayoning'inia kwenye msumari nyuma yangu ameishona yeye.

Nimeona aibu kukuambia. Naona aibu hata sasa. Lakini kesho unaenda kufanya kazi hiyo hiyo, juu ya jambo hilo hilo, na umeingia kazini kwa sifa yangu. Nikinyamaza, utafanya kama nilivyofanya ukidhani unafanya vizuri. Hilo ndilo ninaloogopa kuliko wewe kunishusha hadhi.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu wakati huo ulikuwa darasa la sita na kilichokusumbua duniani kilikuwa ni hesabu za sehemu.

Kaunti zilikuwa bado changa. Kila mwenye ploti ya soko alikuwa akilipa ushuru wa ploti kila mwaka, na watu walinung'unika kama kawaida. Ndipo likaja pendekezo: yeyote anayelala kwenye nyumba yake mwenyewe ndani ya ploti yake asamehewe nusu ya ushuru huo. Pengo litakalobaki lijazwe na ploti ambazo mwenyewe halali ndani, zile za vyumba vya kupangisha na maduka. Kabla ya kupitishwa, sheria ilitaka wananchi watoe maoni. Karani wa wadi alikuwa mimi, kwa hiyo fomu zilikuja kwangu.

Nikuambie pia nilikuwa na moyo gani siku zile. Nyumba hii tuliijenga kwa miaka saba. Tulihamia ikiwa na chumba kimoja chenye paa, na wewe ulijifunza kutembea ukishikilia ukuta usiopigwa plasta, ndiyo maana magoti yako yana makovu. Tulipomaliza upande wa mbele tukajenga na vyumba vinne huku nyuma vya kupangisha. Basi mimi nilikuwa nalala kwangu, na niliposoma pendekezo lile nilifurahi kama mtu aliyeandikiwa barua ya jina lake. Nilijiambia, mwishowe kuna mtu serikalini aliyeona jasho letu.

Shosho aliposikia alicheka. Alinisimulia kwamba zamani, baba yake alipokuwa mwanamume kamili, mzungu alitoza kodi kwa kila nyumba. Mwenye nyumba tatu alilipia tatu. "Sasa watu walifanya nini? Waliacha kujenga. Wakalala wengi kwa nyumba moja kama kuku," akasema. Kisha akaniuliza, "Na hii ya sasa, wakikupunguzia wewe, wanamwongezea nani?" Nilimjibu kwamba mambo haya ni magumu kidogo, ya ofisini. Mama yangu mzazi, Makena! Aliyekuwa ameelewa ni yeye.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Afisa alitoka makao makuu na gari, tukaanza kwa maombi, tukagawa soda na mkate, nami nikakaa kwenye meza ya mbele na fomu zangu. Unajua mikutano yetu. Mtu akisimama, akajitambulisha, akasalimia wazee, akamshukuru Mungu kwa mvua, akasema neno lake akaketi, anapigiwa makofi. Akikubaliana na jambo anapigiwa. Akilipinga anapigiwa vilevile. Hata akisahau alichotaka kusema anapigiwa, tena anapigiwa ya kilo, yale mazito, kwa huruma. Makofi yetu ni adabu tu. Ni kumwambia mtu asante kwa kusimama, sasa keti. Hilo mtoto yeyote wa huku analijua, na mimi nililijua kabla sijaota meno.

Mzee Gitonga wa posho mill, mwenye mashine ya kusaga unga, alisimama kwanza, akaunga mkono. Makofi. Wakafuata wawili wengine wenye ploti, wakaunga mkono. Makofi. Kisha nyuma kabisa, karibu na mlango, akasimama Kawira.

Wakati huo alikuwa mpangaji wetu, chumba cha pili kutoka mwisho. Alikuwa msichana tu, hajafika hata thelathini, ana cherehani moja ya miguu na wateja wachache. Sikumbuki kama aliwahi kusema mkutanoni kabla ya siku ile. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Mimi sina ploti," akasema. "Lakini hiyo ushuru ni mimi hulipa. Sababu mwenye nyumba akiongezewa, ananiongezea. Sasa nyinyi mkipunguziwa, mtatupunguzia? Na wale wataongezewa, si watatuongezea? Mimi sisemi msisamehewe. Nasema muandike hapo, kama mwenye nyumba anasamehewa, mpangaji naye asiongezewe."

Mtu mmoja akapaza sauti, "Wewe jenga kwanza!" Ukumbi ukacheka. Mimi pia nilicheka, Makena, sitakuficha. Kisha wakampigia makofi, naye akaketi uso ukiwa umemwiva. Afisa akatazama saa akaniambia, "Karani, funga hiyo, gari inataka kuondoka."

Fomu ilikuwa na nafasi tatu: wanaounga mkono, wanaopinga, maoni mengine. Kalamu ilikuwa mkononi. Neno la Kawira lingekaa vizuri kabisa pale kwenye maoni mengine, mistari miwili tu. Lakini nilijua mistari ile miwili ingefanya jambo lichelewe, huenda lirudishwe lijadiliwe upya, na mimi nilitaka msamaha wangu. Nikaandika: "Wananchi wote waliunga mkono kwa makofi. Hakukuwa na pingamizi." Afisa akasaini. Ilikuwa rahisi kama kufunga mlango.

Tulirudi na Kawira njia moja, kwa kuwa tulikuwa tunaishi ploti moja. Alikuwa bado na ile furaha ya mtu aliyethubutu. Akaniuliza, "Mama Makena, umeandika ile maneno yangu?"

"Nimeandika," nikasema.

Akanishika mkono, akasema asante. Kosa la kwanza lilikuwa la kalamu, na ningeweza kusema ni la haraka. Hili la pili lilikuwa la mdomo, hakuna aliyenihimiza, na mkono wake ulikuwa ndani ya wangu.

Baada ya wiki mbili ripoti ilirudi kubandikwa kwenye mlango wa ofisi ili wananchi wasome. Mimi mwenyewe ndiye niliyeibandika. Hakuna mtu anayesoma karatasi za ofisi, nilijua hivyo, zinabandikwa zikaliwa na jua. Lakini Kawira alikuja. Alikuja na futi yake shingoni, ametoka kazini, akasimama mlangoni akasoma mstari kwa mstari kwa kidole. Mimi nilikuwa ndani nikimwona kupitia dirishani. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Alidhani ameruka mahali.

Aliingia. Machozi yalikuwa yanamlenga. Akaniuliza polepole, "Hapa kumeandikwa wote. Kwa hii wote, mimi niko wapi?"

Nikamwambia ni muhtasari tu, hawaandiki kila kitu. Nikafungua droo nikaanza kutafuta stepla ambayo ilikuwa juu ya meza.

"Sawa, karani," akasema, akatoka.

Unaona jina hilo? Tangu ukiwa darasa la sita umemsikia akiniita karani. "Karani, umeamkaje." "Karani, nisaidie chumvi." Wewe na baba yako mmelipenda, na uliniambia mara moja kwamba Anti Kawira ndiye peke yake hapa anayeiheshimu kazi yangu. Kabla ya siku ile alikuwa akiniita Mama Makena kama watu wengine. Aliliacha jina hilo pale ofisini na hakulichukua tena. Hakunitukana, hakunisema kwa majirani, hakuhama kwa hasira. Alinibadilishia jina tu, nami nililiitika miaka yote hii kila mara nikijua linatoka wapi.

Januari ikafika, na sare yako ilikuwa imekubana. Fundi mwingine alikuwa mbali, na kama ningekupeleka huko watu wangeuliza kwa nini. Nikakushika mkono tukaenda kwa Kawira. Alikupima bila neno baya. Alikuwa na daftari dogo ambalo aliandika vipimo, na alipomaliza hakulifunga. Alinisomea. "Bega kumi na nne. Kiuno ishirini na tatu. Urefu, umesema umwachie inchi mbili za kukua. Ni hivyo?"

Nikamwambia ni hivyo, kwani ananisomea ya nini, ameandika mwenyewe.

"Mimi husomea kila mtu," akasema. "Kitambaa kikishakatwa, hata uombe msamaha namna gani, hakirudi."

Hakusema kwa kunichoma. Alikuwa anaeleza kazi yake. Ndiyo maana ilinichoma. Mimi nilikuwa na shule ya sekondari, cheti cha ukarani na meza ya serikali, na sikuwahi hata siku moja kumsomea mtu nilichomwandikia. Fundi wa chumba cha nyuma alikuwa anafanya hivyo kwa sketi ya mtoto.

Jumamosi iliyofuata nikanunua daftari. Sikuaga mtu. Nilianzia mwisho wa soko nikaenda mlango kwa mlango, na kila niliyemwandika nilimsomea. Laiti ungeniona! Nilitoka nikidhani nitasikia mambo mawili, ndiyo ya wenye ploti na hapana ya wapangaji. Nilikuwa sijawajua watu wangu hata kidogo.

Mzee Gitonga, yule aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono, alinikaribisha ndani ya posho mill, akazima mashine, akaangalia mlango. "Pale nilisema vile sababu watu walikuwa wananiangalia," akasema. "Lakini kijana wangu anapanga Nairobi. Mwenye nyumba wa huko akisamehewa halafu mtoto wangu aongezewe, mimi nitafurahia nini? Andika hiyo. Lakini usiandike jina." Nikamsomea. Akasema nitoe pale nilipoandika "amebadilisha msimamo," kwa sababu hakuwa amebadilisha kitu, alikuwa na msimamo huo tangu mwanzo.

Mwalimu mmoja kijana, mpangaji, nilimwendea nikiwa na hakika atalalamika kama Kawira. Akanijibu, "Mimi naunga mkono kabisa! Nitajenga. Sitaki nikimaliza kujenga nipate msamaha umeisha." Hakuwa na hata jiwe moja, maskini, alikuwa na ramani tu aliyochora nyuma ya kalenda. Alinionyesha pa kuweka veranda.

Na Mama Kendi, mjane wa pale kona ya kisima, aliniambia neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka kisha nanyamaza. Cheti cha ploti yake kilikuwa bado na jina la baba mkwe wake. "Mimi nalala hapa miaka thelathini," akasema, "lakini kwa makaratasi nyumba ni ya mtu amekufa. Sasa hiyo msamaha watampelekea huko kaburini?" Alikuwa mwenye nyumba kuliko sisi sote, na msamaha ule haukumjua. Naye alikuwa mkutanoni siku ile. Alipiga makofi.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanashuka. "Mbele ya afisa? Mbele ya shemeji zangu? Ungekuja hivi tu, ukae, ukunywe uji, si ningekuambia?"

Kwa Kawira nilienda mwisho. Nilimwomba arudie maneno yake, akayarudia karibu yale yale, kama mtu anayesoma zaburi. Nikaandika, nikamsomea. Akasema, "Ni hivyo." Nilitaka kumwomba msamaha siku ile ile lakini mteja akaingia na suruali ya kupunguzwa, nami nikashukuru sana kwa ile suruali. Ndivyo nilivyokuwa.

Daftari nililipeleka makao makuu mimi mwenyewe. Yule afisa akasema ripoti ilishapokelewa na kikao kilishapita, lakini akanipa pole kwa safari. Aliliweka juu ya mafaili mengine karibu na dirisha, nami nikajua pale ndipo litakapokaa. Msamaha ulipita vilevile ulivyokuwa. Kanisani tuliombewa sisi wa ofisi ya wadi kwa kazi nzuri, na wewe ulikuwa kwaya, ukaniangalia ukitabasamu. Nadhani hapo ndipo ulipochukua ile hadithi uliyoenda nayo kwenye mahojiano. Hukuitunga. Nilikuacha uiamini.

Usidhani nimegeuka adui wa msamaha wenyewe. Bado naona mtu anayelala kwenye nyumba yake haletewi chochote na ukuta wake, ila rangi ya kupaka. Baba yako naye atakuambia hivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Inawezekana wengi sokoni walitaka upite hata baada ya kumsikia Kawira. Lakini sitajua kamwe, na soko halitajua kamwe, kwa sababu niliyatuma makofi mahali pa maneno. Ukitaka kujua kosa langu lilikuwa kubwa kiasi gani, ni hilo. Niliwaibia watu jibu lao wenyewe.

Sasa huko uendako swali limerudi. Nimeona karatasi uliyoacha kwenye kochi: wenye nyumba wanaoishi ndani wapunguziwe au la. Watakutuma Gachoka, watakutuma Kanja, watakupa fomu yenye nafasi tatu na afisa mwenye saa. Kimbeere hukijui, na Kiembu unakisikia nusu nusu kama mtu aliyefunika masikio. Watu watakuheshimu, watakupigia makofi. Sijui makofi ya huko yana maana gani. Ya huku nilijua na bado nikadanganya. Wewe uliza.

Sina mengi ya kukufundisha, ila nimegundua kwamba maoni ya watu hayakai mkutanoni. Yanakuja baada ya maombi ya kufunga, mtu akisubiri mwenzake avae kandambili, au mkiwa njiani, au mama akikupa kikombe cha pili. Gari la afisa likitaka kuondoka, liache liende. Utapata pikipiki. Na neno "wote" ukiliona kwenye kalamu yako linataka kutoka, weka kalamu chini kidogo.

Utakosea pia. Mimi nilikosea nikiwa mtu mzima, ninaenda kanisani, nina cheti ukutani. Nilichojifunza ni kwamba kosa la namna hii halinuki. Hakuna aliyeumia siku ile, hakuna polisi, hata Kawira mwenyewe alinishukuru. Ndiyo maana lilikaa kwangu muda mrefu hivi.

Lakini nisikuandikie kama mtu aliye kwenye matanga. Leo nina furaha, Makena. Nimeamka nikiimba, na baba yako akaniuliza kama nimeokoka upya. Mtoto wangu ana kazi. Kawira, yule waliyemwambia ajenge kwanza, alijenga. Unaiona nyumba yake kutoka hapa dirishani, vyumba viwili vya mbao na kile cha mbele cha cherehani, nyuma ya ua wetu wa michongoma. Siku aliyokuja ofisini kujaza fomu ya msamaha kama mwenye nyumba, niliijaza mimi. Alipomaliza kusaini akaniambia, "Karani, kuna nafasi ya maoni mengine hapo chini. Andika ile yangu ya zamani." Nikamuuliza, hata sasa ukiwa na nyumba yako? Akasema, "Kwani nilisema sababu sina nyumba? Nilisema sababu ni ukweli." Niliandika, nikamsomea.

Juzi, ulipoenda kupimwa nguo ya safari, nilingoja utoke ndipo nikaenda. Nikamuuliza kama miaka hii yote amewahi kukuambia. Alikuwa anatoa pini mdomoni moja moja.

"Hiyo si maneno yangu," akasema. "Ni yako. Yangu nilikuambia uandike. Sasa andika yako."

Basi nimeandika.

Hapo juu ndipo nilipokuwa nimemaliza. Nilikuwa karibu kuandika "ni mimi mama yako." Kisha nikakumbuka kwamba nimemwandika mtu humu ndani kurasa nne na sijamsomea. Nikaona nikituma barua hii hivi hivi nitakuwa sijajifunza kitu. Nikazikunja karatasi nikaenda kwenye ua, nikamwita. Akaja na mkasi mkononi. Nikamsomea yote, tangu volkeno ya waridi, mimi nikiwa upande huu wa michongoma na yeye upande ule, kuku wake wakinipigia kelele. Alisikiliza kama anavyosikiliza vipimo, kichwa kando.

Nilipomaliza nikamwambia samahani. Nililisema lote, neno lenyewe, bila mteja wa kuniokoa. Hakusema nimekusamehe. Alichuma jani la mchongoma akalikatakata na mkasi.

Kisha akasema, "Kuna mahali umekosea."

Nikamuuliza ni wapi.

"Pale ofisini. Umesema machozi ilikuwa inanilenga. Mimi sikulia, Mama Makena. Mimi nilikuwa na hasira. Mwenye alikuwa analia ni wewe, ukajifanya unatafuta stepla."

Nilisimama pale, Makena, na karatasi mkononi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nililia, na miaka yote hii nilikuwa nimempa yeye machozi yangu. Na alikuwa ameniita jina langu. Hata yeye sidhani alisikia.

"Andika hivyo," akasema, akarudi kwenye cherehani.

Sijafuta pale nilipokosea, ukitaka utaona. Nimerudi jikoni, na naandika hapa chini kama alivyosema: Kawira hakulia. Aliyelia ni mimi.

Nakusikia unacheka na shosho kule njiani, amekusindikiza. Wacha niweke chai motoni, ya kweli safari hii.

Mama yako.